Kumsindikiza Bibi kwa Kiingereza

Juma lililopita tulisoma insha ya binti yetu wa darasa la sita juu ya siku tuliyomsindikiza bibi yake hadi uwanja wa ndege, akielekea Hija. Aliandika: “We saw off her.” Mwalimu akapiga mstari mwekundu pasi na maelezo, na mtoto akarudi amenuna. Tukaona tuyatoe hapa maelezo hayo, kwani huenda daftari kama hilo limo katika nyumba nyingi.

Kiswahili chetu kina neno moja, kusindikiza, nalo lina hatua za kufuatana na mgeni hadi njiani. Waingereza hutumia mawili, “see” na “off”, na kiwakilishi cha mtu hukaa katikati, kamwe si mwisho: “We saw her off.” Hata jina hapo ndipo pake: “We saw Grandmother off at the airport.” Ukiondoa “off”, tulimwona tu, labda kwa mbali. Ukilisogeza jina mwisho, hatari: “They saw off the thieves” ni kuwatimua wezi, na bibi hatukumtimua!

Anayeondoka yeye ana lake: “Grandmother set off at dawn.”

Binti akauliza kama “see off” inabeba pia dua tuliyomwombea bibi, ya kumkabidhi kwa Mwenyezi Mungu yeye na dini yake. Haibebi. Akaongeza sentensi ya pili: “We prayed for her.” Bibi angali Makka, na ameagiza asomewe insha hiyo kwa simu.