Nani Atafua Nepi?

Wito huu hauanzi na mama. Mama mwenye kichanga ameshaambiwa ya kutosha: nyonyesha hivi, lala vile, usile hiki. Tukimwongezea na hili la kuachana na pampasi arudi kwenye nepi za kitambaa, tutakuwa tumemtwika ndoo nyingine ya maji tukaenda zetu. Ninaosema nao ni sisi tunaomzunguka: baba wa mtoto, mashangazi, mama wakwe, majirani, wenzake wa kikoba. Nepi za kitambaa ni jambo jema sana, ila wema wake unapitia kwenye beseni la kufulia, na beseni hilo tumezoea kumwachia mtu mmoja.

Tuangalie mfuko kwanza. Wengi wetu hatununui pampasi kwa pakiti. Tunanunua moja moja dukani kwa Mangi, kadiri hela inavyopatikana. Tuseme moja ni shilingi 400. Kama kwenu bei ni nyingine, badilisha mwenyewe. Mtoto anayevaa tano kwa siku anamaliza shilingi 2,000, yaani 60,000 kwa mwezi na 730,000 kwa mwaka, na mwaka mmoja haumtoshi. Lakini hesabu hiyo siyo inayoniuma zaidi. Anayenunua moja moja hulazimika kuibania. Mtoto anashinda na pampasi ileile tangu asubuhi, imevimba, inaning'inia mapajani, kwani ya pili bado iko dukani. Chembechembe zilizo ndani yake hunywa mkojo zikageuka jeli, na juu panaonekana pakavu, lakini kinyesi haziwezi kukinywa. Ukija kufungua jioni unakuta mapaja mekundu na vipele, mtoto hataki hata kuguswa na maji. Kitambaa nacho kikiachwa kimelowa kinachubua, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba cha kubadilisha kipo kambani, hakisubiri mtu arudi na hela.

Halafu kuna mtaa. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukalalamika, tukazoea. Pampasi nayo ina plastiki ndani yake na haikuguswa. Nadhani ilikuwa busara, maana huwezi kumpiga mama faini kwa haja za mwanawe. Ila zinakwenda wapi? Kwa Dar es Salaam, palipo na gari la taka zinafika dampo la Pugu Kinyamwezi. Pasipo na gari zinaishia mtaroni, kwenye kiwanja cha mtu asiyejenga, au chooni. Masika yakianza, ile ya mtaroni inanywa maji ya mvua, inakuwa nzito, inakwama kwenye kalavati pamoja na wenzake, na maji yanaingia sebuleni. Ile ya kwenye choo cha shimo haiozi. Shimo linajaa kabla ya wakati wake, na siku mkiita gari la kunyonya majitaka, mpira unakabwa na matambara ya miaka mitatu.

Na bado wako watu wazima wanaoamini kwamba choo cha mtoto mchanga hakina madhara. Kinayo. Vijidudu vya kuhara havijali umri wa aliyevitoa. Anayekunja pampasi na kuitupa jalalani ametupa na kinyesi, kuku wanakichakura na watoto wa jirani wanacheza hapohapo. Anayefua nepi hana njia nyingine: lazima kwanza akimwage chooni, mahali pake.

Wapo watakaosema kufua nako kunaharibu mazingira. Uingereza walilipima hilo, na ripoti ya serikali yao ya mwaka 2023 ilikuta nepi za kitambaa zinachangia joto la dunia kwa takriban robo pungufu kuliko za kutupa. Na wao wanafulia na kukaushia kwa umeme! Sisi tuna mikono na jua la bure.

Sasa tufike kwenye beseni lenyewe. Akina baba, kaeni karibu. Nepi ishirini hivi zinamtosha mtoto mmoja kama mnafua kila siku ya pili. Kinyesi kikishamwagwa chooni, isuuze nepi kwa maji baridi. Ya moto yanagandisha doa. Itie kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko, na mfuniko ufungwe kweli, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja. Fua kwa sabuni ya mche, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe, kwani sabuni iliyobaki ndiyo inayowasha. Dawa ya kulainisha nguo achana nayo, inafanya kitambaa kigome kunyonya. Anika juani, juu ya kamba, si kwenye majani wala kivulini. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi, ndiyo maana bibi zetu hawakumvika mtoto nepi isiyopigwa pasi. Kazi yote hiyo haihitaji maziwa ya mama. Mwanamume anaweza kufua usiku baada ya taarifa ya habari akaanika asubuhi, na mikono yake inanawika.

Wewe unayekwenda kumtazama mzazi, acha kununua pakiti itakayokwisha wiki hii. Kata khanga zako kuukuu zilizolainika, au nunua kitambaa cha taulo umpe fundi cherehani apinde kingo, ongeza pini za nepi na kava la nailoni la kuvalia juu. Hizo zitamvusha mtoto huyu na zikamsubiri mdogo wake.

Sina ugomvi na pampasi ya safarini. Basi la Mwanza si mahali pa kusuuzia kitu. Na mnaonunua maji kwa ndoo, anzeni na nepi tatu za mchana mnapokuwa nyumbani, usiku avae pampasi. Hata kwa hizo tu mtaro umepona.

Ombi langu jingine ni kwa walimu na walezi wa vituo vya kulelea watoto. Vingi havipokei mtoto wa nepi za kitambaa, na mama anayetaka kuzitumia anaishia kurudi dukani. Mwambieni mzazi alete nepi safi za kutosha na mfuko usiovuja, zilizotumika mzifungie humo, jioni aondoke nazo akafue kwake, au kwa zamu na mwenzake.