Waraka kwa Wanachama: Tuache Kuwakimbiza Pomboo

Kwa manahodha, mabaharia na waongoza wageni wote wa chama chetu, Kizimkazi Mkunguni na Kizimkazi Dimbani



Msimu wa wageni unakaribia, na kabla boti hazijashushwa majini nina ombi moja zito kwenu: tuache kuwakimbiza pomboo.

Sote tunajua yanayotokea huko nje asubuhi. Boti ya kwanza ikiona mapezi, simu zinapigwa. Punde kundi limeshazingirwa, mashine zinanguruma, na kila nahodha anataka kulikatia njia kwa mbele ili wageni wake wawahi kujitosa. Pomboo wakizama na kuibukia kwengine, boti zote zinageuka kuwafuata. Mgeni anaona ni burudani. Sisi tuliokulia bahari hii hatuna udhuru wa kutoelewa. Kundi likibanana, likizama kwa muda mrefu, likibadili njia kila linapoibuka, mama akimweka mtoto ubavu wa mbali na boti, basi wanatukimbia.

Watafiti waliofanya kazi hapahapa Kizimkazi wameandika jambo hilohilo: boti zikiwaandama, pomboo hupunguza kupumzika, kula na kuchangamana, na muda mwingi zaidi hupotea kwa kusafiri. Hilo la kupumzika ndilo linaloniuma zaidi. Pomboo lazima akusudie kila pumzi, tena aifuate juu ya maji, ndiyo maana hulala kwa nusu ya ubongo huku nusu ya pili ikikesha. Usingizi huo mwepesi ndio tunaoukatiza. Na anayeumia zaidi ni mama anayenyonyesha. Hubeba mimba takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha humlea miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Hesabu ya kati ya 1999 na 2002 ilikuta pomboo wa kawaida wa maji yetu hawafiki 200, na wale wenye nundu ni wachache zaidi. Wengine hufia kwenye majarife yetu.

Wazee wetu waliwavua pomboo wawe chambo cha papa mpaka miaka ya 1990, biashara ya wageni ilipoingia. Kuacha kuwaua kulikuwa jambo jema sana, lakini tangu hapo tumejiita marafiki wa pomboo, na jina hilo bado hatujalistahili. Rafiki huachiwa nafasi ya kuondoka.

Urafiki wa namna hiyo upo. Huko Laguna, kusini mwa Brazil, wavuvi husimama majini wakiwa na vimia mikononi, wakisubiri. Pomboo huwasukumia mikizi upande wao, hutoa ishara, na vimia hurushwa. Mvuvi anapata, pomboo naye anapata. Ushirika huo umerithishwa vizazi na vizazi, kwa watu na kwa pomboo, na hakuna aliyefungwa wala kulazimishwa. Si pomboo wote wa huko wanaoshiriki.

Basi tufanye hivi. Punguza mwendo mapema, njoo kwa ubavu, nenda sambamba na kundi, kisha toa gia usubiri. Boti mbili zikiwa karibu, nyingine zikae mbali mpaka zipishwe. Kundi lenye mtoto mchanga, asishuke mgeni yeyote. Likiondoka, liacheni liondoke. Pomboo ni mdadisi. Mara nyingi akiona boti imetulia huja mwenyewe, na mgeni aliyeshuhudia hilo ameona kitu bora kuliko mkia unaotokomea.

Najua mtasema mgeni amelipa, na papasi anayewinda wageni mjini ameshamuahidi kuogelea na pomboo. Ndiyo maana nataka maneno yasemwe pwani, kabla hajapanda: tunakwenda kuwatazama, na wakitaka kukukaribia ni hiari yao. Asiyeridhika arudishiwe pesa zake palepale. Nahodha atakayelaumiwa kwa kukataa kukimbiza pomboo, chama kitasimama naye, hata kama lawama inatoka kwa mwenye boti.

Waraka huu wasomewe pia mabaharia wasiohudhuria vikao. Na ukimwona mwenzako anakata njia ya kundi, mwambie siku hiyohiyo mkifika ufukweni, kwa adabu lakini waziwazi, bila kusubiri kikao.

Wabillahi tawfiq,
Ndugu yenu, Katibu wa chama