Kabla ya Kufunga Turbo, Lipime Gari

Katika makambi ya jeshi na katika nyumba za askari polisi, siku za mapumziko huonekana magari ya zamani yamefunguliwa boneti, na wenyewe wameinama juu ya injini, spana mkononi. Jambo hili ni jema. Askari ajuaye kulitengeneza gari lake mwenyewe hupunguza gharama, na elimu hiyo humfaa hata kazini. Lakini ipo tamaa moja ambayo twaona imetupasa kuitolea maneno, nayo ni tamaa ya kulifungia gari kuukuu turbo nyumbani, ili injini iliyochoka ipate nguvu ambayo haikupewa kiwandani.

Hatuandiki ili kukataza. Twaandika kwa kuwa kazi hii, ifanywapo kinyume cha utaratibu wake, huua injini na huweza kuua watu. Msimamo wetu ni kwamba turbo isifungwe katika gari ambalo halijapimwa, wala isifungwe na mtu asiye na vipimo vya kumwonyesha nini kinatendeka ndani ya injini baada ya kuifunga.

Kwanza ni vyema tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Injini huvuta hewa, huichanganya na mafuta, kisha mchanganyiko huo huwaka. Injini ikipata hewa nyingi zaidi, huweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na nguvu huongezeka. Turbo ni gurudumu dogo lenye mapanga, lizungushwalo na moshi utokao katika injini kwa kasi ipitayo mizunguko 100,000 kwa dakika. Upande wa pili wa mtaimbo wake lipo gurudumu jingine, ambalo husukuma hewa safi kuingia katika silinda. Hivyo nguvu ya moshi ambayo ingepotea hewani hurudishwa kazini.

Fikira hii si mpya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikia hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Ilipita miaka kama 20 ndipo meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zikatiwa injini za dizeli zenye turbo, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Huko Marekani, mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha karibu mita 4,300. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 huko chini ilitoa 230 tu kileleni, kwa sababu ya wepesi wa hewa. Alipoifungia turbo ilitoa 356.

Habari hiyo ya mlima yatuhusu sana. Kampala ipo katika kimo cha karibu mita 1,200, na Kabale karibu mita 2,000. Hewa ya Kabale ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika tano. Ndiyo maana gari la dizeli lisilo na turbo, likiwa limejaa watu na mizigo, huugua linapopanda milima ya kwenda Kisoro. Kwa hiyo askari aitamaniye turbo hana upumbavu wowote. Haja yake ni ya kweli, na chombo anachokitaka kilifanyiwa majaribio ili kuitimiza haja kama hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba wengi hudhani turbo ni kifaa cha kuongezwa tu, kama vile taa za ukungu au redio. Hebu tutazame jinsi viwanda vyenyewe vilivyotenda. Injini ya Toyota Land Cruiser iitwayo 1HZ, ambayo madereva wengi wa vikosi vyetu wanaifahamu, ina silinda 6, ujazo wa lita 4.2, na haina turbo. Ndani yake hewa hubanwa mpaka ibaki sehemu moja katika 22 hivi ya ujazo wake wa kwanza. Kiwanda hicho hicho kilipotaka injini ya ukubwa huo yenye turbo, mwaka 1990, hakikuichukua 1HZ na kuifungia turbo kwa boliti. Kilitengeneza injini nyingine, 1HD-T, yenye kichwa tofauti na pistoni tofauti, nacho kikapunguza mbano hadi karibu 18.6 kwa 1. Mercedes-Benz nayo, ilipotoa gari la 300SD lenye dizeli ya turbo mwaka 1978, iliongeza vijibomba vya kurushia oili chini ya pistoni ili kuzipoza.

Ikiwa watengenezaji wenye maabara na wahandisi waliona hapana budi kuubadili mwili wa injini kabla ya kuubebesha mzigo huo, je, sisi wenye boksi la spana na kamba ya kuvutia gari tutasemaje?

Adui katika kazi hii ni joto. Turbo peke yake huleta hewa tu. Nguvu huja dizeli inapoongezwa, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtu hufungua skrubu ya pampu, hulijaribu gari, huona limepata nguvu, kisha hufungua tena na tena mpaka moshi mweusi utoke. Moshi mweusi si dalili ya nguvu. Ni dalili ya dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia, na joto lake huishia katika pistoni, vali na kichwa cha injini. Pistoni ni za aluminiamu, na madini hayo huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi. Hewa ya moto ipitayo juu yake hupita kiwango hicho kila siku. Pistoni huokoka kwa sababu oili na maji huziondolea joto upesi. Joto likizidi uwezo wa kupozwa, pistoni hupasuka au kutoboka. Katika 1HZ, ambamo dizeli huanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilichomo katika kichwa cha injini, kichwa hicho nacho huweza kupata nyufa.

Magari ya petroli yana hatari yake. Petroli ikibanwa kupita kiasi huwaka kabla ya wakati, na injini hugonga. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani iliuza gari liitwalo Jetfire, lenye turbo juu ya injini ya mbano mkubwa. Ili isigonge, gari liliwekewa tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, nalo lilitakiwa kujazwa kila mara. Wenye magari wengi walisahau kulijaza, nguvu ikapotea, malalamiko yakazidi, na hatimaye magari mengi yakaondolewa turbo. Hicho kilikuwa chombo cha kiwandani, kilichouzwa pamoja na kitabu cha maelezo. Kilishindwa kwa sababu ya uzembe wa kujaza tangi.

Basi, mwenye nia afanye nini? Twapendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, injini ipimwe mbano wa kila silinda. Ikiwa silinda moja ni dhaifu kuliko nyingine, au injini inakula oili, au maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, habari ya turbo ikomee hapo hapo. Injini mbovu haiponi kwa turbo. Hufa upesi zaidi.

Pili, rejeta, feni, mipira ya maji, chujio la hewa na klachi vitengenezwe mwanzoni. Nozeli na pampu zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Twaongeza kwamba askari wengi wakifika hatua hii watagundua kuwa gari limekwisha kurudisha nguvu waliyoitafuta. Nozeli chafu, vali zisizorekebishwa na chujio lililoziba huiba nguvu nyingi, na dawa yake ni rahisi kuliko turbo.

Tatu, turbo yenyewe ichunguzwe. Turbo kuukuu iliyotolewa katika injini nyingine izungushwe kwa kidole. Mapanga yaliyovunjika ncha, au mtaimbo uchezao hata mapanga yakagusa ukuta, ni sababu tosha ya kuirudisha kwa muuzaji.

Nne, bomba la oili. Turbo huishi kwa oili. Bomba la kuipelekea liwe imara na lisilovuja, kwa kuwa oili ikidondokea chuma kilichoiva kwa joto huwasha moto. Bomba la kuirudisha liwe pana na literemke moja kwa moja, lisiwe na kona za kupanda. Oili ibadilishwe mapema kuliko ilivyozoeleka.

Tano, vipimo viwili vifungwe mbele ya dereva, kimoja cha msukumo wa hewa, na kingine cha joto la moshi kabla haujaingia katika turbo. Kwa injini isiyojengwa kwa turbo, msukumo wa pauni 7 hivi kwa inchi ya mraba watosha. Huo ni karibu nusu ya uzito wa hewa ituzungukayo pwani. Joto la moshi lisiachwe likae juu ya nyuzi 700 wakati wa kupanda mlima. Geji ikifika hapo, dereva alegeze mguu. Mtu akisema kwamba hana fedha za kununua geji, basi hana fedha za turbo.

Yako pia mazoea ambayo dereva hana budi kuyashika. Injini isipewe mbio kabla haijapata moto. Baada ya safari ndefu au mlima, isizimwe ghafula. Iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili, ili oili iendelee kupoza beringi za turbo. Na kila dereva wa dizeli afahamu hatari hii: mihuri ya turbo ikiharibika, injini huweza kunyonya oili yake yenyewe na kuichoma kama dizeli. Hapo hukimbia kwa mbio ya kutisha, wala ufunguo hauizimi. Dawa ni kuiziba njia ya hewa, au, kwa gari la gia za mkono, kutia gia ya juu, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi. Mkono usitumike kuiziba njia hiyo.

Sasa tuje kwa breki, ambazo husahauliwa na karibu kila mtu aongezaye nguvu. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa halina nguvu ya mwendo iliyozidi kidogo tu ile ya gari la kilomita 80. Limeizidi kwa zaidi ya nusu, na nguvu yote hiyo yatakiwa kumezwa na breki zile zile za zamani. Katika barabara kama ile ya Kampala kwenda Masaka, ambako askari wa usalama barabarani wamechoka kuokota maiti, breki zisizotosha si jambo la mwenye gari peke yake. Mama anayevuka na watoto wake hana habari kama gari lijalo limefungwa turbo. Kwa hiyo breki, matairi na usukani vitangulie. Mwenye gari amwonyeshe mkaguzi wa magari mabadiliko aliyoyafanya, na aiarifu kampuni yake ya bima. Askari polisi alikaguaye gari la raia barabarani hawezi kuendesha gari lililobadilishwa kwa siri na kutumaini heshima ya raia huyo.

Neno la mwisho lahusu vipuri, nalo twalisema bila kificho. Turbo, geji, nozeli na oili vilivyo katika magari ya serikali ni mali ya umma, navyo vipo humo kwa maisha ya askari. Gari la doria lililonyang'anywa nozeli njema na kuwekewa mbovu litazimika siku fulani mahali ambapo halikutakiwa kuzimika, na watakaolipia ni askari wenzetu waliokaa nyuma yake. Yeyote afikiriaye kulipamba gari lake kwa njia hiyo asijidanganye kwamba amechukua kipande cha chuma tu. Amechukua usalama wa kikosi. Na mafundi wa karakana, wajuao vyema kila kipuri kilikotoka, wasikubali kuombwa wala kuamriwa jambo hilo na mtu yeyote, awe na cheo gani.

Vivyo hivyo twamshauri askari asiende kukopa katika chama cha akiba kwa ajili ya turbo wakati karo ya watoto haijalipwa. Injini ikipasuka, mkopo haupasuki nayo. Utaendelea kukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi, na gari limesimama juu ya mawe.

Askari hufundishwa tangu siku za kuruti kwamba silaha hukaguliwa kabla ya kutumiwa. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa bunduki peke yake. Aliye na gari zima, vipimo, breki imara na vipuri alivyovinunua kwa jasho lake, na afunge turbo yake kwa msukumo mdogo, aliangalie gari kwa miezi kadhaa, naye atapanda milima ya Kabale kwa raha. Aliyepungukiwa na mojawapo kati ya hayo na aanze na chujio la hewa na nozeli, aiache turbo dukani mpaka atakapokuwa tayari.