Balozi wa Ujerumani kati ya ajira za Berlin na vijana wa Kitengela

Huku Pwani, ukimtaja balozi wa Ujerumani watu hufikiria viza. Sebastian Groth alipofika Nairobi mwaka 2022, akitoka kuongoza idara ya mipango ya sera katika wizara ya mambo ya nje kule Berlin, wachache walimjua. Lakini kuna siku moja katika utumishi wake inayoieleza kazi ya balozi kuliko wasifu mzima.

Siku hiyo ni Ijumaa, 13 Septemba 2024. Mjini Berlin, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz, nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira. Ikavuma kwamba Wakenya 250,000 watapata kazi. Ujerumani ikakanusha haraka: mkataba hautaji idadi yoyote. Ndani yake pia mna makubaliano ya kuwarudisha Wakenya wanaoishi kule bila kibali, jambo ambalo halikuvuma sana.

Siku hiyo hiyo, Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Alikuwa ameitwa mara kadhaa aje aeleze walipo watu watatu wa Kitengela, kaunti ya Kajiado: mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, waliotekwa nyara 19 Agosti. Siku 25 zilikuwa zimepita na jamaa zao hawajui kama wako hai. Waliachiliwa 20 Septemba.

Tukumbuke kwamba mwezi Juni, bunge lilipovamiwa na vijana kupigwa risasi, ubalozi wa Ujerumani ulikuwa miongoni mwa balozi zilizotoa taarifa ya pamoja, zikitaja pia madai ya waandamanaji kutekwa. Simwiti balozi mnafiki. Ametumwa, na aliyemtuma anataka wauguzi na mafundi. Ila taarifa isiyogusa meza ya mikataba haimtishi mtekaji.

Sisi tunajua zaidi ya wengine. Mombasa ilipotezewa vijana wake miaka mingi kabla ya Kitengela kutajwa. Na mikataba ya Berlin si migeni kwetu: Witu iliwekwa chini ya Ujerumani mwaka 1885, kisha ikakabidhiwa Waingereza kwa mkataba uliotiwa saini Berlin 1 Julai 1890. Watu wa Witu hawakuulizwa.

Kijana wa Likoni au Kisauni anayejifunza Kijerumani asome kwa bidii, maana lugha na cheti kinachotambulika ndivyo vitakavyomfungulia mlango. Wakala anayemdai pesa kwa jina la zile nafasi 250,000 anamuuzia hewa.

Naye balozi yeyote wa Ujerumani akija Pwani kupiga picha na magavana, aulizwe jambo moja: siku ile ya Berlin, kuna aliyewataja wale watatu wa Kitengela?