Usiniambie Nianzishe Podikasti

Kila nikisema nataka kazi ya redio, kuna mtu lazima aniambie, "Si uanzishe podikasti tu? Simu unayo, intaneti iko, unangoja nini?" Huwa anasema akitabasamu, kama mtu ambaye amenipa kitu. Hajanipa kitu. Amenionyesha mlango wa kutokea na kuuita fursa.

Nimezaliwa Kongo. Kabla hujauliza kuhusu pasipoti, ni Kongo ya Kawangware, si ya Kinshasa. Kwetu kulikuwa na redio moja ya betri, antena imevunjika, mzee ameiunganisha na waya. Leonard Mambo Mbotela akianza Je, Huu ni Ungwana?, hakuna kuongea, hata kama ugali unaungua. Mimi nikiwa darasa la pili nilikuwa nachukua mwiko, nasimama mbele ya wateja wa mathe wa omena, nawasomea habari za mtaa: nani amefungiwa nyumba, maji yamepotea tangu lini, mbuzi wa nani amekula sukuma za nani. Walicheka, lakini walinyamaza kusikiza. Sijawahi kutaka kazi nyingine.

Sasa, watu wanapomsifu Mbotela husifu sauti. Sauti ilikuwepo, ndiyo. Lakini Mbotela aliajiriwa na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kipindi chake kikaanza 1966. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kupindua serikali walimtoa kwake na kumpeleka studio atangaze kwamba nchi imechukuliwa. Hata wenye bunduki walijua lazima wapitie redio kwanza. Yeye alikuwa mtu wa kuamka, kwenda kazini na kulipwa mwisho wa mwezi, miaka nenda miaka rudi. Sauti kama ile haikutoka mbinguni. Ilikuzwa kwa mshahara, kwa mafundi wa mitambo, kwa wahariri waliomsahihisha. Sisi tunaambiwa tuwe yeye, lakini bila vitu hivyo vyote.

Nilijaribu njia ya kawaida. Nilisoma diploma kwa pesa za omena, kisha nikaingia kituo kimoja kikubwa huko tao kama mwanagenzi. Miezi tisa. Nauli yangu, lunch yangu, bando yangu. Nilikuwa naandika taarifa za saa kumi na mbili asubuhi, kumaanisha natoka kejani saa kumi usiku nikiomba Mungu nisikutane na mtu. Siku nilipouliza kama naweza kusoma hewani hata dakika mbili, niliambiwa sauti ni nzuri lakini "ina mtaa sana." Nafasi ilipotokea, akaingia mtu mwenye wafuasi wengi Instagram ambaye hakuwa amewahi kuandika taarifa hata moja. Sawa. Baada ya muda mfupi nikasikia tangazo la biashara kwenye kituo hicho hicho, limerekodiwa kwa Sheng tupu, na mtu anayejifanya ametoka Kawangware. Kumbe mtaa una bei, ila si mtu wa mtaa anayelipwa.

Hapo ndipo wale wa tabasamu huniletea jina la Adelle Onyango. Aliacha redio 2019 akaanzisha Legally Clueless, ikapaa. Heshima zake zote, kazi yake ni safi. Lakini soma hiyo hadithi vizuri: alitoka redioni. Alienda na jina, na ujuzi wa miaka, na wasikilizaji waliokuwa wameshamzoea kila asubuhi. Huo ni ushahidi wangu, si wako.

Hesabu ni rahisi. Kwenye redio, kituo ndicho kinachonunua leseni, mtambo, maikrofoni, umeme na fundi. Wewe unaleta kazi yako. Kwenye podikasti, gharama zote zimehamia kwako. Na msikilizaji pia ametozwa. Mathe akifungua redio yuko ndani mpaka usiku bila kulipa mtu. Akitaka kipindi changu cha saa moja, lazima awe na simu janja, atafute jina langu, ajue hata kulitafuta, kisha anunue bando ya shilingi 20 ambayo inakufa kabla hajamaliza kukaanga samaki. Aliyefaidika ni nani? Kampuni ya simu imelipwa mara mbili, na mimi sijalipwa hata mara moja.

Na kabla mtu aseme naongea nikiwa nje ya uwanja: ninayo podikasti. Vipindi 14. Narekodi chini ya blanketi kwa sababu jirani ana welding. Kipindi kilichosikizwa zaidi si kile kilichoko mtandaoni. Ni kile nilichomtumia makanga mmoja wa 46 kwa WhatsApp, kuhusu landilodi na bili za maji, akakiweka kwa spika za mat jioni. Gari lote likabishana mpaka mwisho wa safari. Kulikuwa na mama aliyesema landilodi wake ni huyo huyo. Hiyo haikuwa podikasti tena. Watu wengi, sauti moja, kwa wakati mmoja: hiyo ni redio.

Tunazo redio za aina hiyo, na tunaziua polepole. Koch FM ilianza Korogocho 2006, studio yake ikiwa kontena. Pamoja FM ilianza Kibera 2007. Miezi michache baadaye uchaguzi ukaharibika, Kibera ikawaka, na hicho kituo kidogo kikakaa hewani kikiwaambia watu watulie. Wakati huo huo, redio zenye pesa zilikuwa zikilaumiwa kwa uchochezi. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alifikishwa mpaka The Hague, na kesi yake ikakatizwa 2016 bila kupatikana na hatia. Sisemi wadogo ni malaika. Nasema nchi ilipokuwa inaungua, redio ya mtaa ilikuwa na maana, na hakuna aliyeiambia ianzishe podikasti.

Leo sheria inasema redio ya jamii haiwezi kuendeshwa kwa faida, na matangazo yake ya biashara yawe yanahusu eneo inalosikika. Eneo letu lina nini? Kinyozi, duka la M-Pesa, kibanda cha chipo. Hao watalipia nini? Matokeo yake, kijana anatangaza miaka mitano kwa jina la "kujitolea," anafika thelathini, anaacha, anaendesha nduthi. Kisha tunaandika kwamba vijana hawana subira.

Mimi nataka vitu vitatu, na vyote vinawezekana. Kituo kikitumia kazi yangu hewani, kinilipe, hata kama ni kidogo. Matangazo ya serikali, yale ya chanjo na ya kujiandikisha kupiga kura, yapitie redio za mitaa na yalipiwe kama yanavyolipiwa kwa wakubwa. Na sisi wenye podikasti tuache kuongea wenyewe kwa wenyewe, watu wawili kwa Kiingereza wakicheka kuhusu ex zao. Tupeleke sauti kwa mat, kwa kinyozi, kwa kibanda.

Kuna dogo wa plot yetu, ana miaka kumi na moja. Wiki jana nilimkuta kwa ngazi na chupa ya soda mdomoni kama maikrofoni, anatangaza mechi ya watoto wanaocheza hapo chini. Ni mkali kuniliko. Aliponiona akauliza, "Anti, ukitaka kuwa kwa redio unafanya nini?"

Jibu rahisi nilikuwa nalo, lile la tabasamu. Nilikataa kulisema. Nilimwambia aendelee, dakika ya themanini bado, na nikakaa hapo kwa ngazi kusikiza mpaka mechi ikaisha.