Aliyemrudia Majeruhi

Baada ya darsa ya jioni hapa Kibiti mtoto mmoja alituuliza kama shujaa ni lazima awe ameua. Hatukumkemea. Wazazi wake wanaikumbuka miaka ya 2016 na 2017, milango ilipofungwa mapema, viongozi wa vijiji wakiuawa, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane wakauawa katika shambulio moja wilayani mwetu. Kuanzia mjini hadi vijiji vya delta ya Rufiji, bunduki ndiyo iliyokuwa mazungumzo ya kila nyumba. Mtoto husikia.

Tulimjibu kwa kisa cha Kongo.

Novemba 2018, walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Malawi na Tanzania walipambana na waasi wa ADF huko Kididiwe, Beni. Waasi hao walikuwa wakiua raia na kukwamisha kazi ya kudhibiti Ebola. Risasi zilipozidi na askari wakaanza kurudi nyuma, Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alibaki chini, amejeruhiwa vibaya, hawezi kusogea. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi alimwendea, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Hapo ndipo risasi ilipompata yeye. Koplo Ali aliokoka, Chitete alifariki. Katika mapambano hayo walikufa Wamalawi sita na Mtanzania mmoja.

“Alikuwa nduguye?” mtoto akauliza. Hata nchi yao haikuwa moja.

Mei 2019, jijini New York, Katibu Mkuu António Guterres alimkabidhi mjane wa Chitete nishani ya ujasiri wa kipekee. Nishani hiyo inaitwa kwa jina la Muislamu, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Mwaka 1994 nchini Rwanda, bila silaha mkononi, Diagne alipita vizuizi vya wauaji akiwa amewaficha watu garini, akiwalainisha walinzi kwa maneno na utani mpaka wakamwachia njia. Aliokoa mamia ya watu. Mei 31 mwaka huo huo kombora lilimuua akiwa kwenye kizuizi kimojawapo cha Kigali.

Yatutia uchungu kwamba ADF, kundi linalojinasibisha na dini yetu, linajulikana majumbani mwetu kuliko Diagne. Kosa hilo hatuwatwishi watoto. Sisi walimu na wazazi tumewahadithia Badr na Uhud kwa panga zake, tukampita Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) na wanawake wenziwe, waliotoka pamoja na Mtume (s.a.w.) kuwanywesha maji wapiganaji na kuwarudisha Madina majeruhi na waliouawa. Hata aya ya 32 ya Suratul-Maida, inayotaja uzito wa kuua nafsi na wa kuihuisha, tunaihifadhisha kwa tajwidi nzuri, kisha maana yake tunaiahirisha.

Jumamosi ijayo, baada ya Alasiri, darsa yetu itaanza na Rubayyi. Kina mama na kina baba wanaopenda kukaa nyuma wasikilize pamoja na watoto wao, wanakaribishwa. Mikeka ipo.