Ubongo Si Mali ya Madaktari Pekee

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Nami naongeza kuwa bahari haina lango moja. Lakini humu shuleni mtu akiuliza jambo lililo nje ya silabasi, wenzake humkata kauli: "Hilo halitahiniwi!" Basi mambo huishia hapo. Leo napinga mtindo huo, na mfano wangu ni ubongo.

Kwa nini ubongo? Mwaka juzi, likizo ya Agosti, nyanya yangu aliamka mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia vimelegea, na maneno hayatoki. Kila alipoulizwa jambo alijibu "ee, ee" tu huku machozi yakimtoka. Majirani wakaja na yao: ati katupiwa jini, ati ni kijicho cha watu. Siku mbili zilipotea tukizunguka kwa waganga. Tulipofika hospitalini tuliambiwa ni kiharusi, na kwamba tumechelewa. Nami nilikuwepo, mwanafunzi wa Kidato cha Pili mwenye alama nzuri za Baiolojia, nimenyamaza kama gogo.

Mada ya ubongo tunaifundishwa Kidato cha Nne. Nyanya hakuweza kuningoja nifike huko.

Ndipo nilipoanza kujitafutia. Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, aliniazima kitabu chake kikuukuu. Humo nilijifunza kwamba upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto. Nilisoma pia juu ya mgonjwa mmoja wa Paris ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila "tan". Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Jamani, nilikiweka kitabu chini! Mkono wa kulia na usemi wa nyanya vilipotea pamoja kwa sababu vyote viwili viliongozwa kutoka upande uleule. Jini gani huyo afuataye ramani?

Kitabu pekee hakitoshi. Nilikwenda kwa muuza nyama sokoni nikamwomba anipasulie kichwa cha mbuzi polepole. Alicheka, lakini akakubali. Niliona mapande mawili yenye mikunjo, na nyuma yake ubongo mdogo, ule unaotupa mizani tukitembea. Nilipougeuza niliona neva za macho zikikutana na kupishana kama njia panda. Kisha niliuchemsha kwa maji ya chumvi ukakaza, nikaukata kwa kisu chenye makali: nje kijivu, ndani weupe. Nilichora yote daftarini, nikafinyanga mfano wake kwa udongo. Baadaye nilinawa mikono kwa sabuni, msije mkasema sikuwaonya!

Na asiye na pesa za kichwa cha mbuzi? Anacho chake mwenyewe. Hebu mmulike mwenzako kwa tochi ndogo jicho moja tu, kwa nukta moja. Mboni za macho yote mawili zitanywea, maana habari huingia kwa jicho moja na amri hurudi kwa yote mawili. Mnusishe karafuu akiwa amefumba macho. Mwambie atabasamu, akunje uso, atoe ulimi. Kuna jozi 12 za neva zitokazo ubongoni, na nyingi mwaweza kuzipima hapo hapo bwenini.

Najua kuna watakaosema elimu nusu ni hatari. Ni kweli. Ubongo wa mbuzi si wa binadamu, wala mimi si daktari. Sitaki tutibu watu. Nataka tujue wakati wa kukimbia. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, ni hospitali moja kwa moja, maana iko dawa ya kuyeyusha donge la damu ambayo baadhi ya wagonjwa hupewa ndani ya muda wa saa nne na nusu. Sisi tulimaliza siku mbili.

Ombi langu kwa walimu: tufungulieni maabara Jumamosi moja kila mwezi, tuchunguze mambo yasiyo ya mtihani. Na kwa wanachama wenzangu wa Kiswahili: tujifunze viungo hivi kwa lugha inayoeleweka nyumbani. Nikimwambia jirani majina ya kitabuni atanikodolea macho. Nikimwambia "mshipa wa damu umeziba ubongoni, upande wa kushoto," atatafuta gari.

Nyanya bado yu hai. Anatembea kwa mkongojo, na jina langu analitamka nusu. Kila nikilisikia nakumbuka kwamba lililo nje ya mtihani wa shule huenda likawa ndani ya mtihani wa maisha.